Mzee Nusu Tangi na Namba Iliyomkosesha Raha

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, saa tisa alasiri, dereva wa basi la shule yetu atakabidhi ufunguo. Siku hiyo atakuwa ametimiza umri wa miaka sitini, na kati ya hiyo, thelathini na moja na miezi miwili ameitumikia shule hii. Walimu wametuomba sisi wa Klabu ya Sayansi tuandike wasifu wake kwa sababu, walisema, wao wanamjua kwa mafaili na sisi tunamjua kwa barabara. Mwenyewe ameusoma kabla haujachapwa. Alisahihisha mwaka mmoja na tarakimu mbili, kisha akatuagiza tusiufiche mkasa wa siku ya mashindano. Kwa hiyo umo, na umo wote.

Shuleni hapa hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote tunamwita Mzee Nusu Tangi, jina alilopewa na wanafunzi waliomaliza kabla wengi wetu hatujazaliwa. Alianza na lori la kuni na magunia ya unga. Mwaka wa tatu akapewa basi. Lilikuwa basi la dizeli lenye geji ya mafuta iliyokufa: mshale umelala kwenye sifuri, tangi liwe limejaa au tupu. Mzee hakungoja geji ifufuke. Alichonga kijiti, akakitia alama kwa kisu, akawa anakitumbukiza kwenye tangi kila asubuhi kama mpishi anayeonja mchuzi. Mafuta yakishuka hadi alama ya nusu, alijaza. Hakukuwa na mjadala.

Kijiti kilimwambia kilichomo tu. Umbali ambao kile kilichomo kingemfikisha, aliujua kichwani mwake. Alijua kwamba Jumatatu mabegi ni mazito, kwamba matope hula mafuta kuliko lami, na kwamba kidato cha nne ni mzigo kuliko cha kwanza. Mwanafunzi akimuuliza kama tutafika, alitazama mlima, akatazama mawingu, akahesabu vichwa kwenye kioo, kisha akajibu kwamba tutafika na tangini patabaki kiasi fulani. Fundi wa karakana ni shahidi wetu. Anasema katika miaka ishirini na mitano ya basi lile hakuwahi kuitwa barabarani na dumu hata siku moja, ilhali shule za jirani zilimwita hadi akachoka.

Lazima tumtaje mkewe, maana naye ni wa hapahapa; ndiye mpishi mkuu wetu. Mama huyu alikuwa akiliita basi mke mwenza. Alisema mumewe huliosha kila Jumamosi, hulipaka mafuta bawaba za milango, na huliuliza hali kabla ya kuondoka, wakati mlango wa jikoni kwake umelia miaka minne bila kupakwa hata tone. Alilisema hilo kwa mzaha, lakini alilisema mara nyingi.

Miaka minne iliyopita shule ilipata basi la umeme. Mzee alilipokea vizuri. Alijifunza kuchaji, akajifunza breki zake ambazo kwenye mteremko hurudisha umeme kwenye betri, na akalisifu kwa ukimya wake. Jambo moja tu lilimkaa kooni. Mbele ya usukani palikuwa na skrini, na kwenye skrini palikuwa na namba kubwa nyeupe iliyosema kilomita ngapi zimebaki.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena. Tulipanda, tukachungulia juu ya bega lake, tukasoma namba, tukaenda kukaa. Waliowahi viti vya mbele waliwasomea wa nyuma kwa sauti, na wa nyuma wakawaonea gere wa mbele, hadi ikabidi tuwekeane zamu. Hatukufikiri kwamba kuna mtu tuliyemnyang'anya kitu. Swali lililokuwa lake kwa miaka ishirini na mitano tulilihamishia kwenye kioo cha skrini, naye amekaa palepale akitusikia.

Aliibandika namba plasta ya kidonda. Fundi wa karakana akaibandua, akisema ni kinyume cha taratibu. Kesho yake ikarudi plasta kubwa zaidi. Mzee akamweleza mkewe kwamba kile kidude kinajifanya kujua barabara ambazo hakijawahi kuzitembea. Mama akampa pole, akasema sasa na yeye ameujua uchungu wa kuletewa mwenzio ndani ya nyumba.

Ndipo yakaanza mashindano, muhula wa pili wa mwaka jana. Betri ikijaa, namba ilikuwa ikisema 140. Mzee akaazimia kuithibitisha kuwa ni mwongo. Alizima kiyoyozi. Alitufungisha madirisha ili upepo usilishike basi. Akapanda milima taratibu, akaacha mteremko ufanye kazi yake, na breki akazigusa kama mtu anayemwamsha mtoto. Tulitoka jasho. Asubuhi moja tulipitwa na baiskeli yenye kreti tatu za mikate, na mwenye baiskeli akatupungia mkono. Mara mbili tulichelewa mtihani wa hesabu, jambo ambalo baadhi yetu hatukulilalamikia sana.

Na kweli, aliishinda. Namba iliposema 140, yeye alipata 148 kutoka kwenye betri ileile. Alifurahi siku moja tu. Haukupita muda namba ikapanda ikasema 147. Akakaza zaidi, akapata 155. Namba nayo ikapanda ikamfuata. Mwishoni mwa muhula ilifika 158 na Mzee akawa amekonda. Alimlalamikia fundi kwamba kila akishinda, mashine inauchukua ushindi wake na kuufanya wake. Fundi alicheka, akaendelea kufunga nati. Angemweleza siku ile, tungepungukiwa na sehemu kubwa ya wasifu huu.

Mwaka huu mwezi wa nane Mzee alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akapumzika wiki mbili. Usukani ulishikwa na Dada wa Basi. Huyu ni mhudumu wetu, ndiye anayetuhesabu na kutufunga mikanda kwa mwaka wa sita sasa, na ni mpwa wa Mzee, mtoto wa dada yake. Leseni ya basi aliipata mwaka jana baada ya kusoma jioni kwa jioni. Kila mtu alijua kwamba Mzee akistaafu, kiti ni chake. Barua yake ya uteuzi ilikuwa imekwisha andikwa, ikisubiri sahihi ya Mwalimu Mkuu.

Mzee alirudi siku ya Jumatatu na miwani mipya. Betri ilikuwa imejaa. Namba ilisema 131.

Waliomwona asubuhi ile wanasema uso wake ulichanua. Wakati wa chai alitangaza jikoni kwamba mashine imeugua kwa kumkosa yeye. Mama mpishi alimwambia aache maneno, lakini mwenye furaha ya namna ile hasikii. Alitoka jikoni akaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu na kumwambia kwamba mpwa wake ni binti mzuri, ila anakula betri.

Maneno mawili hayo yalitosha. Barua iliingia kwenye droo bila sahihi. Jumatano asubuhi tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa getini: shule inatafuta dereva mwenye uzoefu. Dada wa Basi alilisoma akiwa ametushika mikono wawili wetu, huku akituhesabu. Alifika kumi na nne, akaanza tena kutoka moja. Hakumuuliza mjomba wake neno. Alimwamkia kama kawaida, akamfungulia mlango kama kawaida.

Jumamosi yake tulikwenda kwenye mashindano ya sayansi. Shule mwenyeji iko umbali wa kilomita hamsini na nane, kwenda na kurudi mia moja na kumi na sita, na njia yake ina milima mitatu. Tulikuwa thelathini, tukiwa na meza mbili, mfano wa daraja la chuma na ndoo za mchanga za kulipima. Upepo ulikuwa ukituvumia usoni. Mzee aliwasha kiyoyozi hadi mwisho. Alitaka tuone kwamba betri ikiwa mikononi mwa anayeijua, haina haja ya kubaniwa. Dada wa Basi alitazama namba, akamtazama mjomba wake, akafunga sweta.

Tulipofika, namba ilisema 58. Mlinzi wa shule mwenyeji alituonyesha soketi ukutani, karibu kabisa na tulipoegesha, akasema tujisikie nyumbani. Mzee alimshukuru na kukataa. Alisema kurudi ni mteremko. Ni kweli kwamba kurudi kuna mteremko. Kuna na milima miwili ya kupanda pia, na aliijua yote miwili.

Tulishika nafasi ya pili. Waliotushinda walikuwa wametengeneza mashine ya kuchambua mbegu, na ilikuwa nzuri, na tuliichukia kwa moyo wote. Tuliondoka saa saba mchana tukiwa tumenuna. Juu ya mlima wa kwanza namba ilisema 31, zikiwa zimebaki kilomita arobaini. Mzee alizima kiyoyozi. Tulipobakiza kilomita ishirini na mbili ilisema 18. Tulipobakiza kumi na nne ilisema 9, na hakuna aliyekuwa akiwasomea wa nyuma tena. Ndani ya basi ulisikika mchanga ukihama kwenye ndoo.

Dada wa Basi aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha mhudumu, akaenda kusimama karibu na usukani.

"Mjomba," alisema, "pale kwenye kona kuna karakana ya seremala. Simama pale."

"Tutafika."

"Hatutafika, Mjomba. Simama pale, shikamoo."

Hilo neno la mwisho tulilisikia wote. Alikuwa amekwisha mwamkia asubuhi. Mtoto hamwamkii mkubwa mara mbili kwa siku ila akiwa anamsihi. Mzee alikata kona, akasimama.

Seremala alikuwa akiranda mbao za mlango. Alimsikiliza Dada wa Basi, akalitazama basi, akazima mashine yake ya kuranda ili umeme utoshe, akatupa soketi. Waya mdogo wa kuchajia ulikuwa umelala kwenye buti tangu basi lije, bado una karatasi ya dukani. Soketi ya namna hiyo hujaza betri ya basi kama kijiko kinavyojaza pipa. Tulikaa pale saa mbili na nusu. Tulifagia maranda yote, tukapanga vipande vya mbao kwa urefu, na seremala akatuambia tuje kila Jumamosi.

Mzee alikaa kwenye benchi, kando ya mlango ambao haujamalizika. Baada ya muda mrefu alimwita mpwa wake na kumuuliza namba ile inatoka wapi. Tulikuwa karibu. Alijua kwamba tunasikia na hakutufukuza.

Dada wa Basi alimweleza polepole, na tunaandika hapa kama tulivyoelewa, maana hata sisi wa Klabu ya Sayansi tulikuwa hatujui. Basi halioni barabara ya mbele. Linajua mambo mawili tu. La kwanza ni umeme uliobaki kwenye betri. La pili ni kiasi gani kila kilomita imekula katika safari za karibuni. Linachukua la kwanza, linagawa kwa la pili, linaandika jibu. Betri yetu ikijaa ina uniti mia moja na ishirini. Kama siku za karibuni kila kilomita imekula robo tatu ya uniti, skrini itasema 160. Kama kila kilomita imekula uniti nzima, itasema 120. Ukiliendesha kwa upole, kesho litakuahidi mbali. Ukilipandisha milima, au ukalibebesha chuma, au ukaliwashia kiyoyozi, litapunguza ahadi. Kisha safari zinavyozidi, ya nyuma linayasahau.

Mzee alifikiri. "Kwa hiyo ule muhula mzima," aliuliza, "nilikuwa nashindana na nani?"

"Na wewe mwenyewe, Mjomba. Ile 158 ilikuwa ni wewe."

"Na hii 131?"

"Hii ni mimi. Daraja la njia ya chini lilikuwa linatengenezwa. Wiki mbili zote nilipita milimani. Lilifunguliwa Jumamosi iliyopita, wewe ukarudi Jumatatu."

Hapo ndipo tulipomwona Mzee akivua miwani yake mipya. Mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja kabla ya kutaja umbali alitazama mlima kwanza, safari hii alitazama namba peke yake, na hakuuliza hata njia. Kijicho kilikuwa kimemziba kuliko mtoto wa jicho. Maneno hayo si yetu, ni yake; ametuomba tuyaandike hivyohivyo.

Alimuuliza mpwa wake kwa nini hakumwambia mapema. Dada wa Basi alijibu kwamba hakuulizwa, na kwamba aliposoma tangazo la getini alidhani mjomba wake hataki tu kuona mtu mwingine kwenye kile kiti. Mzee hakukanusha.

Saa kumi na dakika arobaini na tano tuliagana na seremala. Dada wa Basi aliendesha, Mzee akakaa kwenye kiti cha mhudumu, na tuliingia getini saa kumi na moja na robo skrini ikisema 3. Wazazi walikuwa wamesimama ukutani wakiwa na maswali yao. Mzee alishuka wa kwanza na kuwajibu mwenyewe, mmoja mmoja, bila kumtaja mtu mwingine.

Jumatatu asubuhi alikwenda ofisini. Mlango ulikuwa wazi na foleni ya waliochelewa ilikuwa nje, kwa hiyo mashahidi ni wengi. Alisimama, hakukaa, ingawa alikaribishwa kiti mara mbili.

"Mwalimu, nilikuambia binti anakula betri," alisema. "Si kweli, hali betri. Nilikuwa na wivu, kwanza na kile kioo, halafu na yeye. Aliyemaliza betri Jumamosi ni mimi."

Mwalimu Mkuu alimwambia kwamba hilo litaandikwa kwenye faili lake, na kwamba rekodi yake ya miaka thelathini na moja bila kukwama itaharibika ikiwa imebaki miezi mitatu tu. Mzee alisema anajua. Akaomba barua iliyo kwenye droo ipate sahihi kabla hajatoka mle ndani. Akasimama hapohapo hadi ikapata. Kisha akaenda getini, akabandua tangazo, akalikunja vizuri, akalirudisha ofisini pamoja na pini zake, kwa sababu pini ni mali ya shule.

Tangu mwezi uliopita wamebadilishana viti. Dada wa Basi anaendesha, Mzee anatuhesabu. Tunasema kwa heshima zote kwamba kuhesabu watoto hakuwezi. Siku moja alitupata thelathini na tatu kwenye basi la viti thelathini, akakataa kabisa kwamba amekosea. Lakini njiani anamwonyesha mpwa wake mahali pa kuachia pedeli kabla ya mteremko wa kanisa, na pembe ambayo upepo wa asubuhi hutokea, na namna ya kuingia kwenye tuta bila kukanyaga breki. Hamfichi kitu, tumemchunguza. Kila anapomfundisha jambo jipya uso wake huwa kama wa mtu anayegawa nguo zake mwenyewe angali amezivaa, ila anagawa.

Wiki ya kwanza namba ilisema 139. Ya pili ikasema 150. Alhamisi iliyopita, betri ilipojaa, ilisema 160.

Mzee aliitazama kwa muda. Alishuka, akalizunguka basi zima, akapima upepo wa matairi yote sita, akachungulia uvunguni kutafuta sababu. Hakuipata. Akaenda jikoni wakati wa chai, wafanyakazi wote wakiwepo, akasubiri mkewe aweke birika chini.

"Mpwa wangu amenipita," alisema. "Kwa kilomita mbili."

Walimpigia makofi. Alikunywa chai yake yote, akaweka kikombe, kisha akaongeza kwamba wiki hii upepo umekuwa nyuma yake. Mkewe alimwambia aongeze sukari.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa asubuhi zote ulizowasha basi kabla sisi hatujaamka, kwa mvua zote ulizotungoja mlangoni mwa madarasa, na kwa kutufundisha kwamba jibu likikosewa hufutwa mbele ya watu waliolisikia. Tunamtakia heri Dada wa Basi, naye tunamwahidi kwamba tutamuuliza yeye kabla ya kuichungulia skrini. Na Mama, leo ni zamu yetu ya kuona kijicho, maana kuanzia Jumatatu atakuwa wako peke yako na mlango wa jikoni kwako utanyamaza.

Nenda salama, Mzee Nusu Tangi. Maisha yako yawe mema, na yawe marefu kuliko makadirio yoyote.